Je, Mtoto Mwenye Sauti Mbaya Anyamaze?

Leo nataka tufikiri pamoja juu ya jambo linaloonekana dogo, ambalo wengi wetu hatujaliweka kamwe katika mizani ya dhamiri. Ni jambo la watoto wadogo na nyimbo zao.

Kwetu Goma masomo hufunguliwa mwezi wa Septemba, na mvua nazo hazikawii. Tangu hapo mpaka Noeli ni majira ya kukaa ndani. Watu wa Ulaya wana baridi yao na theluji. Sisi tuna masika. Na katika majira hayo ndipo walimu wa watoto wadogo hufundisha kuimba kuliko wakati mwingine wo wote: kwanza kwa sababu watoto hawawezi kucheza nje, pili kwa sababu Noeli inakaribia, na kila mzazi anataka kumsikia mtoto wake akiimba.

Anayeijua Ndosho atanielewa upesi. Ni mtaa wa komine ya Karisimbi, upande wa magharibi wa mji, penye barabara iendayo Sake. Ardhi yake ni mawe meusi yaliyomwagwa na volkeno siku za kale. Nyumba nyingi ni za mbao, na juu ya mbao ni mabati. Mvua kubwa ikishuka juu ya mabati hayo, mwalimu aweza kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke, na mtoto wa mstari wa pili asisikie neno hata moja. Hesabu inasimama, kusoma kunasimama. Hapo mwalimu ana mawili tu: kungoja au kuimba.

Mimi ni mwalimu wa watoto wa namna hiyo, wa miaka mitano na sita. Nimeimba nao chini ya mabati kwa masika mengi. Na katika masika ya mwaka 2018 nilitenda jambo ambalo wakati ule niliona ni la kawaida kabisa.

Neno nililolisema

Tulikuwa tukitayarisha nyimbo za Noeli. Watoto walikuwa kama thelathini. Katikati yao palikuwa na msichana mmoja, mchangamfu, mwenye kupenda kuimba kuliko wote, na sauti yake ilikwenda kando siku zote. Wenzake wakipanda, yeye alibaki chini, akivuma kama nyuki ndani ya mtungi. Tena aliimba kwa nguvu. Wiki moja kabla ya sikukuu nilimwita pembeni, nikamwambia kwa upole, maana sikuwa na hasira naye: “Mwanangu, siku ya Noeli wewe fumbua kinywa tu kama wenzako, lakini usitoe sauti.” Akaitikia: “Ndiyo, mwalimu.” Akafanya hivyo. Wimbo ukapendeza, watu wakapiga makofi, na mimi nikasifiwa.

Baadaye mama yake alipokuja kuchukua karatasi ya matokeo, aliniuliza: “Mwalimu, mtoto wangu amepatwa na nini? Zamani alikuwa akiimba toka asubuhi. Akiosha sahani anaimba, akimbembeleza mdogo wake anaimba. Sasa nikimwambia aimbe, ananijibu kwamba sauti yake si ya kutoa, ni ya kufumbua kinywa tu.”

Nilicheka kidogo, nikamwambia: “Mama, ni mambo ya watoto, yatapita.” Lakini njiani nikirudi nyumbani sikuweza kucheka tena. Na hapo ndipo lilipozaliwa swali ninalowaletea leo: Je, mwalimu ana haki ya kumnyamazisha mtoto mdogo kwa sababu ya sauti yake, ili wimbo wa wote upendeze?

Wanaosema ndiyo

Tusiwadharau wanaosema kwamba ana haki. Sababu zao zina uzito, na mimi mwenyewe nilizishika zote.

Ya kwanza: wimbo wa ibada ni sadaka, na mtu hamtolei Mungu kitu kibovu. Baba Mtakatifu Pio wa 10, katika barua yake ya tarehe 22 Novemba 1903 juu ya muziki wa kanisa, alidai kwamba muziki huo uwe mtakatifu, tena uwe sanaa ya kweli. Kelele si sanaa.

Ya pili: watoto ishirini na tisa wamejifunza kwa bidii miezi mitatu. Je, ni haki kazi yao iharibiwe na mmoja?

Ya tatu: ni huruma kwa mtoto mwenyewe. Afadhali anyamazishwe na mwalimu pembeni kuliko kuchekwa na watu mbele ya altare.

Ya nne: Mungu hakugawa vipaji sawasawa. Mmoja hujua kuimba, mwingine kuchora, mwingine kukimbia. Mbona tumlazimishe kila mtu kuwa mwimbaji?

Ukizisoma sababu hizi upesi, utaona zimekwisha kushinda. Lakini tuzipime moja moja.

Wimbo ni wa nani?

Wenye hekima wa zamani walizungumza sana juu ya jambo hili. Plato, Mgiriki aliyeishi miaka karibu mia nne kabla ya Kristu, alitaka mtoto afundishwe muziki mapema, kabla hajaweza kuelewa sababu za mambo. Kwa nini? Kwa sababu wimbo huingia moyoni kabla ya hoja, na mtoto aliyezoea mapema yaliyo mazuri atayatambua na kuyapenda akili yake itakapokomaa. Haya, tulichukue neno hilo tulipeleke Ndosho. Kama ni kweli kwamba muziki huingia ndani kuliko maneno, basi yule msichana alizoea nini kwangu? Alizoea kwamba uzuri ni mali ya wengine, na kwamba yeye husaidia uzuri kwa kutokuwapo. Hilo nalo liliingia ndani kuliko maneno.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliuliza swali la karibu zaidi: Je, watoto waimbe na kupiga wenyewe, au watosheke kuwasikiliza mafundi? Alijibu kwamba lazima wafanye wenyewe, maana mtu ambaye hajafanya kitu si rahisi awe mwamuzi mzuri wa kitu hicho. Hata alisifu kayamba wanalopewa watoto wachanga, kwa kuwa mtoto hawezi kutulia, na akiwa na kayamba mkononi havunji vyombo vya nyumba. Kisha akaonya: mafunzo ya muziki ya watoto yasielekezwe kwenye mashindano na maonyesho, kwa sababu anayeimba kwa ajili ya maonyesho haimbi ili awe mtu bora, bali ili kuwafurahisha wasikilizaji. Tazameni jinsi mtu huyo wa kale alivyotuona sisi na sikukuu zetu!

Na Mtakatifu Augustino, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa muziki, aliungama jambo la ajabu katika kitabu chake cha Maungamo. Alisema kwamba mara nyingine, akisikia nyimbo kanisani, sauti humgusa kuliko jambo linaloimbwa, naye akaona kwamba hapo ametenda dhambi. Alijipima mpaka huko! Mimi nilipojipima kwa kipimo chake, niliona nimekwenda mbali zaidi. Si kwamba sauti ilinigusa kuliko maneno tu. Sauti ilinigusa kuliko mtoto aliyekuwa akiitoa.

Hapo ndipo penye jibu la sababu ya kwanza. Ni kweli, kitu kibovu kisipelekwe altareni. Lakini sadaka ya watoto si ule mlio unaofika masikioni mwetu. Sadaka ni watoto wenyewe wanaoimba. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka nyimbo za dini za watu zikuzwe kwa ustadi ili sauti za waamini wenyewe zisikike. Ustadi uwepo, ndiyo. Lakini ustadi ni wa kuzifanya sauti zisikike, si wa kuzizima.

Kinywa bila sauti

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikulitambua mwanzoni. Nilijilaumu kwa kumwumiza mtoto. Kumbe lilikuwapo kosa la pili, tena kubwa: nilimfundisha uongo.

Fikirini. Mtoto wa miaka sita anasimama mbele ya watu wote. Kinywa chake kinafumbuka na kufumba. Mama yake anamtazama, anafurahi, anafikiri anaimba. Watu wanamtazama, wanafikiri anaimba. Yeye peke yake anajua kwamba haimbi, na aliyemfundisha udanganyifu huo ni mwalimu wake, ndani ya kanisa, katika sikukuu ya Noeli. Tunalalamika kila siku kwamba watu wazima wa nchi yetu hufanya kazi ya kinywa tu: wanaahidi bila kutimiza, wanatia sahihi bila kutenda. Je, tunadhani walijifunza wapi? Samaki mkunje angali mbichi. Nasi tunawakunja, lakini pengine tunawakunja vibaya.

Ningemwambia mtoto yule, “Keti, leo hutaimba,” ningekuwa mkali, lakini ningesema kweli. Ningempa kengele apige, au mshumaa ashike, ningekuwa nimempa kazi ya kweli. Lakini kumwambia aonekane kama anaimba ni kumfanya pambo. Na mtu si pambo, hata akiwa na miaka sita.

Kwa hiyo sababu ya tatu, ile ya huruma, inaanguka. Si huruma kumwokoa mtoto na kicheko cha watu wa nje kwa kupanda kicheko hicho ndani yake mwenyewe.

Kosa lilikuwa la nani?

Ilibaki sababu ya nne, ya vipaji. Hiyo niliishika kwa muda mrefu. Nilijisemea: Nilikosa katika namna ya kusema, lakini sauti ile ilikuwa mbaya kweli, hilo halina shaka.

Katika masika ya mwaka 2023 nilipata mtoto mwingine wa namna hiyo, mvulana, wa familia iliyokimbia vita. Naye alivuma chini kama yule wa kwanza. Safari hii nilinyamaza, nikamwacha, ingawa masikio yangu yalilalamika. Siku moja koo liliniuma, sikuweza kuimba. Mama mmoja aliyekuwa akitusaidia kuwalinda watoto akasimama badala yangu, akaimba mstari wa kwanza. Watoto wakamfuata, na mvulana yule akamfuata sawasawa, bila kukosea hata noti moja.

Nilishangaa. Kesho yake koo lilipopona nikaimba mimi: mvulana akaanguka chini tena. Nikamwomba mama aimbe: akapanda. Tulijaribu mara nne, ikawa hivyo hivyo.

Wasomaji wapenzi, jambo lenyewe ni rahisi, na kila mwalimu wa muziki anapaswa kulijua. Sauti ya mwanamume mzima huwa chini ya sauti ya mtoto kwa ngazi nane, yaani toka do mpaka do nyingine. Watoto wengi husikia sauti nene ya mwalimu na kuipandisha wenyewe, bila kufikiri, mahali inapowafaa. Lakini wengine ni watiifu mno kwa sikio: husikia sauti iliyo chini, nao hushuka kuitafuta hukohuko chini, mahali ambapo koo la mtoto haliwezi kuimba, linaweza kunguruma tu. Sauti yangu ndiyo iliyokuwa shimoni. Mtoto alishuka kunifuata.

Tena nimejifunza mengine. Mtoto wa miaka mitano au sita huimba vizuri katika ngazi tano au sita hivi, si zaidi; ukimpa wimbo wa watu wazima wenye kupanda na kushuka sana, utasema hana sauti. Wengi wasioweza kushika noti katika umri huo huishika wakifika miaka saba au minane, kama wakiendelea kuimba. Wako watu ambao kwa maumbile yao hawawezi kutofautisha noti, lakini waliowachunguza wanasema ni wachache, hawafiki watano katika kila mia. Basi mwalimu anayemhukumu mtoto wa miaka sita kwamba hana kipaji, mara nyingi anahukumu kesi ambayo bado haijasikilizwa. Na kwa kuwa mtoto aliyenyamazishwa hajifunzi, hukumu hiyo hujitimiza yenyewe. Miaka kumi baadaye mwalimu atasema, “Mnaona? Nilisema hajui kuimba.”

Walimu waliotangulia

Pengine utasema: “Lakini kwaya kubwa huchagua waimbaji. Je, nazo zinakosa?” Hapana. Hapa lazima tutofautishe.

Mnamo mwaka 1958 kule Kamina, katika Katanga, padri Mfransisko aitwaye Guido Haazen aliwaongoza wavulana wapatao 45 na walimu wapatao 15 kuimba Misa iliyojulikana duniani kote kwa jina la Missa Luba. Hawakuimba kwa kusoma noti za karatasi; waliimba kwa sikio, kwa namna za nyimbo walizozijua kwao, na mwaka huo huo walikwenda Ulaya kuimba. Wavulana hao walichaguliwa, nami sioni kosa. Kwaya ya namna hiyo ni kama timu ya mpira: kila mtu anajua kwamba ni ya waliokwisha kujifunza, na asiyechaguliwa hakudanganywa. Lakini darasa la watoto wadogo si timu. Ni mahali pa kujifunza. Kumwondoa mtoto katika wimbo wa darasa kwa sababu hajui kuimba ni kama kumwondoa katika somo la kusoma kwa sababu hajui kusoma.

Yupo Guido mwingine, wa kale zaidi, mtawa wa Arezzo katika Italia. Mnamo miaka ya 1020 hivi aliona kwamba watoto wa kwaya hupoteza miaka kumi wakijifunza nyimbo kwa kukariri, na bado hawawezi kuimba wimbo wasioujua. Hakusema, “Watoto hawa hawana vipaji.” Alisema kwamba njia ya kufundisha ndiyo mbaya. Akachukua utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila mstari wake huanza ngazi moja juu ya uliotangulia, akafanya silabi za kwanza za mistari ziwe majina ya noti: ut, re, mi, fa, sol, la. Majina hayo tunayaimba mpaka leo, isipokuwa ut ambayo wengi huiita do. Na katika karne ya 20, Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyekuwa mtunzi mkubwa, alisikia jinsi watoto wa shule walivyoimba vibaya, naye hakuwafukuza: aliketi akawatungia nyimbo za kiasi chao, akafundisha kwamba muziki ni wa watu wote na kwamba sauti ndiyo chombo cha kwanza, maana kila mtu anayo. Tazameni: mafundi wa kweli, wakisikia watoto wakiimba vibaya, hujisahihisha wao kwanza.

Mvua ni mwalimu

Basi tufanyeje? Nitawaeleza kwa ufupi tunavyofanya sasa wakati wa masika, si kwa kujisifu, bali pengine itamfaa mwalimu mwenzangu.

Mvua ikipiga mabati, hatushindani nayo. Tunapiga makofi: mbili, tatu, nne. Mtoto asiyesikia sauti huona mikono, na mikono haina sauti mbaya. Mvua ikipungua tunanong'ona wimbo, ili kila mmoja asikie kati ya matone. Kisha tunasikiliza bidoni. Huku kwetu maji hayapatikani kwa urahisi juu ya mawe haya, kwa hiyo watu hukinga ya mvua yatokayo paani. Bidoni ikiwa tupu maji hulia kwa sauti nene. Kadiri inavyojaa, sauti hupanda na kuwa nyembamba, mpaka bidoni ikafurika. Mimi huwaambia watoto: “Ifuateni bidoni.” Nao huifuata wote kwa sauti zao, polepole, toka chini mpaka juu, wakicheka. Hapo mtoto hupata njia ya kupanda bila kuhitaji sauti yangu ya shimoni. Na nikitaka kuwapa noti, namwomba mama aitoe, au mtoto mwenzao, mimi nasubiri.

Tena tunajifunza kusikiliza, ambayo ni nusu ya kuimba. Mtoto anaimba mstari wake, wengine wananyamaza. Kisha anapokea mwingine. Hapa kunyamaza ni kuzuri, kwa sababu ni kwa zamu, na kila anayenyamaza anajua zamu yake itafika. Kumbe hilo ni somo la haki! Tofauti ya kimya kilicho kizuri na kimya kilicho kibaya ni hiyo tu: kimoja kina zamu, kingine hakina.

Na hivyo nimekwisha kuijibu sababu ya pili. Wale ishirini na tisa hawadhulumiwi wakimsubiri mmoja. Kumsubiri ndilo fungu kubwa la mafunzo yao wenyewe.

Njaa na vita

Najua wako watakaosema: “Wewe unazungumza juu ya sauti na noti, na watoto wana njaa. Vita vimekuja, vimekwenda, vimerudi. Tumbo lenye njaa halina masikio.”

Ni kweli, na sitasema kwamba wimbo ni chakula. Anayemwona mtoto mwenye njaa akampa wimbo peke yake, huyo anamdhihaki. Lakini sikilizeni. Ndosho yaijua habari ya watoto wenye shida. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya watu walipovuka mpaka kutoka Rwanda na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kati yao, hapa Ndosho palikuwa na kituo cha watoto waliopotelewa na wazazi. Waliandikwa na kuhesabiwa ili ndugu zao watafutwe. Kazi hiyo ilikuwa njema na ya lazima. Lakini hesabu humfanya mtoto kuwa mmoja kati ya maelfu. Sauti yake humfanya kuwa yeye.

Familia ikikimbia huacha godoro, huacha sufuria, huacha mbuzi. Mwezi wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, wengi wetu tulijifunza tena jinsi vitu vinavyopotea upesi. Sauti peke yake haibebwi kichwani wala juu ya chukudu, haiporwi njiani, haichomwi moto. Mara nyingi ni mali ya mwisho ya mtoto. Basi nilipomwambia yule msichana asitoe sauti, nilichukua kitu ambacho vita havikuwa vimeweza kukichukua. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Deni

Noeli ya mwaka 2023 watoto wangu waliimba wote. Sitawadanganya kwamba ilikuwa kama malaika wa Betlehemu. Wawili walitangulia, mmoja alichelewa, na yule mvulana alipanda vizuri mpaka mstari wa tatu, akashuka, akapanda tena. Mzee mmoja aliniambia mlangoni: “Mwalimu, mwaka huu mmeimba vibaya kidogo.” Nikamjibu: “Ndiyo mzee, lakini tumeimba.”

Yule msichana sikumwona. Mwezi wa Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wengi wa mji wakakimbilia Sake na kwingineko, wazazi wake waliondoka, wala hawakurudi mtaani. Leo yapata miaka kumi na mitatu au zaidi. Sijui kama alianza tena kuimba akimbembeleza mtoto. Sikupata nafasi ya kumwambia kwamba kosa halikuwa la sauti yake. Deni hilo bado ninalo, nami nalilipa kwa watoto wengine, ingawa najua kwamba kumlipa mwingine si sawa na kumlipa mwenye mali.

Basi, mwalimu mwenzangu, na wewe mzazi, na wewe kiongozi wa kwaya: masika hii, kabla hujamwambia mtoto anyamaze, jiulize kwanza noti uliyompa ilitoka wapi. Shuka, umtafute alipo. Au tafuta mwingine mwenye sauti iliyo karibu naye. Na ukikosa vyote viwili, mpe kengele apige, lakini usimfundishe kufumbua kinywa bure.